Jiwe Lenye Jina la Waziri

Basi letu lilikuwa limeshapita Kongwa redio iliposema Rais amevunja Baraza la Mawaziri, na majina mapya yatasomwa sasa hivi. Mbele yangu fundi mmoja alikuwa amepakata jiwe la msingi la zahanati ya kijijini kwao Mpwapwa, lenye jina la Waziri wa Afya. Sherehe ya kuliweka ni kesho, na waziri huyo ndiye mgeni rasmi.

"Fundi, huyo hana kazi tena!" alicheka mama aliyekaa naye, karani wa serikali.

"Mama, usinichurie. Wiki nzima nimechonga! Atarudishwa."

"Zama za ruksa hizi, hata waziri ruksa kubadilishwa. Sisi wizarani jina la waziri mlangoni tunaandika kwa chaki."

"Na jiwe la mgeni rasmi nalo utaliandika kwa chaki?"

Mimi nimekalia mawe mengi ya msingi safarini. Majengo yake sikuyaona.

Redio ikaanza: Fedha, Kilimo, Elimu. Fundi akaliziba lile jina kwa viganja.

"Waziri wa Afya ni…"

Tukaingia stendi ya Mpwapwa. Dereva akazima injini, redio nayo ikazimika.

"Washa!" tulipiga kelele wote, karani akiwa wa kwanza, lakini dereva alikuwa ameshashuka na ufunguo wake.