Mzuka Aliyekimbizwa na Jogoo

Advera alipanda treni Tabora akielekea kwao Usoke, akajitanda kitenge usoni, akaacha macho tu. Yeye ndiye aliyeigiza mzuka katika ile filamu ya vichekesho vya kutisha iliyotengenezwa hapo mjini, na hakutaka kutambuliwa. Lakini abiria wawili waliokaa mbele yake, mzee mkulima wa tumbaku na mama mjane, hawakuwa na habari nyingine ila filamu hiyo.

“Filamu yenyewe nzuri,” mzee alisema, “ila mzuka gani anakimbizwa na jogoo? Nilijiandaa kuogopa, nikaishia kushika mbavu.”

“Si ndiyo utamu wake, baba? Tangu nimzike mume wangu sijacheka vile. Kinachoiharibu ni yule padri wa mwishoni, anahubiri mpaka mzuka mwenyewe anapiga miayo.”

“Hapo ndipo penye mafunzo!”

“Mafunzo nayapata kila Jumapili.”

“Na yule binti hajui kuigiza. Anatetemeka tu.”

Hapo uvumilivu ulimwishia Advera. Akafunua uso. “Shikamooni. Sikuwa naigiza, wazee wangu. Yule jogoo alinidonoa kweli.”

Mzee aliruka kitini akataja watakatifu watatu. Mama alimshika Advera mkono, akacheka hadi machozi yakamtoka, kisha akauliza kwa upole, “Mwanangu, mtatoa nyingine lini?”

Treni ilikuwa inasimama Usoke. “Mwakani, mama,” Advera alijibu, ingawa hakuna aliyekuwa amemwambia kuna nyingine, akashuka. Nyuma yake, dirishani, wale wawili walikuwa wamesharudi kubishana juu ya padri.