Mama Praygod, Mpokezi wa Madaktari Kumi na Wanne

Miaka ishirini na moja si mchezo. Tarehe 30 Juni 2024, Bi. Evangelina Severine anastaafu kazi ya msaidizi wa utafiti katika kituo cha utafiti wa afya cha chuo kikuu chetu hapa Babati. Jina hilo hulitumia idara ya mishahara tu. Sisi tunamwita Mama Praygod.

Alianza mwaka 2003, mkoa wa Manyara ukiwa bado mchanga na kituo kikiwa na meza mbili. Kazi iliyoandikwa ilikuwa kuwapeleka watafiti kwenye kaya kuulizia kichocho. Isiyoandikwa ilikuwa kuwapokea stendi, kuwatafutia chumba Nakwa na kuwafundisha kwamba mtu haulizwi habari za choo chake kabla ya shikamoo. Madaktari kumi na wanne wamepita mikononi mwake, kila mmoja kwa mkataba wa miaka miwili, mara nyingine wawili kwa pamoja. Wote wameondoka. Wote aliwasindikiza, na mchele wa Magugu juu. Tukitoka stendi, akifika ofisini alifuta meza iliyoachwa.

Mwaka 2007 nafasi ilikuwa wazi, akaombwa atafsiri tangazo. Akaandika: “Daktari wa kituo anatafuta mtafiti mwenza, awe tayari kukaa naye Babati miaka miwili.” Akalibandika dukani kwa Hanifa. Sasa, neno mwenza watu wetu wamelijulia kliniki, mjamzito anapoambiwa aje na mwenza wake. Siku ya tatu Mzee Pantaleo wa Singe akaingia na koti lake, pamoja na binti yake muuguzi, akiulizia huyo daktari ni wa ukoo gani, kama anakunywa pombe, na kwa nini ndoa iwe ya miaka miwili. Mama Praygod, mjane tangu 2001, alicheka kuliko sisi wote. Halafu akasema yeye hata hiyo miwili angeipokea.

Zipo kaya mia nne zinazomfungulia mlango bila kuuliza anatoka wapi. Daktari mwenye shahada tatu akienda peke yake huambiwa mwenye nyumba hayupo, tena na mwenye nyumba mwenyewe.

Februari hii Dk. Sabrina aliondoka. Chuo kikaandika kwamba nafasi ya mtafiti isipopata mtu hadi mwisho wa Juni, haitatangazwa tena. Mama Praygod aliisambaza kila alikoweza. Daktari mmoja tu ndiye aliyempigia simu, kutoka Dar es Salaam, akauliza maisha ya hapa yakoje. Mama angeweza kumsifia ziwa na viboko wake. Badala yake alimwambia kazi ni nzuri na watu ni wema, ila jioni za Babati ni ndefu kwa asiye na mtu wa kula naye. Daktari akashukuru, hakupiga tena. Nilimnunia siku mbili. Akaniambia amechoka kumpokea mtu wa kumsindikiza.

Mama, asante kwa kazi na kwa ukweli wako, hata ule ulionikasirisha. Nyumbani Singe ukapate usingizi mzuri, na Praygod akumbuke kupiga simu. Tunakutakia maisha mema. Nimeandika “tunakutakia” kwa sababu ndivyo barua za ofisi zinavyoandikwa. Kuanzia Jumatatu, kituoni nabaki mimi tu.

Hamdani, dereva