Belti ya Polepole

Benchi letu la mtaa wa Majimbo liko kwenye kona, kando ya bucha ya Abubakr, na kahawa ya tangawizi anauza Ali. Abubakr tunamwita Steki. Njagi, aliyestaafu ualimu lakini hajastaafu kuongea, ni Radio. Ireri ni Polepole, kwa sababu gari lake hupitwa hata na punda wa kubeba maji. Asubuhi hiyo Polepole alikuwa ameliosha gari hadi chini ya mikeka. Mkewe Celina alikuwa ameruhusiwa kutoka hospitalini na mtoto wao wa kwanza, baada ya miaka ya kungoja ambayo pale kwenye benchi hatukuwa tunaizungumzia. Polepole alikuwa amemwapia kwamba mtoto hataletwa nyumbani kwa gari la mtu. Basi akatupita akipiga honi, amevaa shati la Jumapili. Kabla hajafika kwenye kona ya pili, honi ikawa bado inalia lakini injini imezima.

Tulilisukuma hadi penye benchi. Alipogeuza ufunguo injini ilizunguka, tena kwa wepesi usio wa kawaida, lakini haikushika.

Radio: Hiyo ni maji kwa petroli. Si juzi ulikuwa Kibugu kwa mama yako, na mvua ikanyesha?

Polepole: Itaingia aje, Mwalimu? Tangi iko na kifuniko.

Radio: Mvua ya Kibugu haijui kifuniko.

Steki: Wacha hizo. Gari za siku hizi ziko na kompyuta. Ikiona abiria ameongezeka na hukuiambia, inafunga kila kitu.

Polepole: Lakini mtoto hata hajaingia!

Steki: Imesikia. Kwani hukuongea na Celina kwa simu ukiwa ndani?

Radio akaweka kikombe chini, jinsi alivyokuwa akiweka chaki akitaka darasa limsikilize.

Radio: Nyinyi hamuoni. Hii gari iko na wivu. Miaka yote imekuwa mtoto wa pekee. Inaoshwa, inafunikwa usiku, inaitwa majina mazuri. Sasa imesikia kuna mwingine anakuja.

Tukacheka. Polepole alikuwa anatazama viatu vyake. Radio akamwekea mkono begani.

Simu ikalia. Alikuwa Celina.

Polepole: Ndiyo, mama. Niko njiani.

Akakata, akatuangalia.

Steki: Hujadanganya. Si umesimama barabarani? Lakini panda tuktuk uende, ndugu yangu. Mtoto hajui gari ni ya nani.

Polepole: Mimi najua.

Tukafungua boneti. Radio alivuta nyaya, Steki akafungua kifuniko cha oili akanusa, mimi nikagonga betri na jiwe. Ali ndiye aliyekuwa na akili ya kumpigia simu Kagwiria, mekanika wa nyuma ya soko. Alikuja na kisanduku chake cha spana, akasema gari liwashwe. Alisikiliza kidogo tu.

Kagwiria: Zima! Usiguse hiyo ufunguo tena.

Akafungua kifuniko cha plastiki ubavuni mwa injini, akaingiza vidole, akavuta ukanda mrefu mweusi, umekatika, meno yake yamenyofoka.

Kagwiria: Taiming belti. Hii ndiyo inafanya pistoni na valvu zingojane, moja ikipanda ingine iko kando. Ikikatika zinaweza kugongana.

Radio: Ndio maana mimi nilinunua gari ya cheni, si ya belti. Cheni haitaki matunzo.

Kagwiria: Cheni ukiinyima oili safi inalegea pia, Mwalimu. Tofauti ni kwamba cheni itakupigia kelele asubuhi ukiwasha. Belti inakaa kimya tu, halafu siku moja imeenda. Ireri, hii ilibadilishwa lini?

Polepole alimwangalia Radio. Radio akamwangalia Steki. Steki akaangalia kahawa.

Polepole: Yule aliniuzia, kule Kiirua, alisema haina shida.

Kagwiria: Sijauliza wa Kiirua. Nimeuliza wewe.

Polepole: Mimi naiosha kila wiki.

Kagwiria: Belti iko ndani, haijui mambo ya sabuni. Ukinunua gari ya mtu na hujui ilibadilishwa lini, unabadilisha kwanza, ndio unaosha.

Alisema kwa upole, lakini Polepole alikaa kwenye bampa kama mtu aliyesukumwa. Kagwiria akaona hivyo, akamwambia tumaini lipo, kuna injini ambazo pistoni hazifiki kwa valvu hata belti ikikatika. Tukarukia hilo tumaini sote. Huyu anashika tochi, huyu bolti, Ali ameacha birika anashikilia boneti. Nitawaambia sasa hivi, tumaini lilikuwa bure. Valvu zilikuwa zimepinda, na gari lilikaa kwa Kagwiria hadi mtoto akajua kucheka. Lakini wakati huo hatukujua, na tulikuwa tumeinama juu ya ile injini tuktuk iliposimama nyuma yetu.

Celina: Kumbe njiani ni hapa?

Alikuwa amekaa na begi miguuni na mtoto kifuani, amefungwa shali nyeupe. Polepole aligeuka akiwa na belti mkononi.

Polepole: Celina, nilikuwa nimeiosha.

Celina: Naona.

Aliliangalia gari linalong'aa, akaliangalia shati la Jumapili, na macho yake yakalainika. Kisha akatutazama sote.

Celina: Haya. Nani atamshika nishuke?

Watu waliokuwa na jibu la kila kitu tangu asubuhi, tukaangalia mikono yetu. Ilikuwa myeusi kwa grisi, hadi ya Ali, hadi ya Kagwiria.

Polepole akaangusha belti. Akakunja mikono ya shati hadi juu ya viwiko, mahali ambapo ngozi ilikuwa safi, akanyoosha mikono mbele kama mtu anayepokea kuni, viganja vikiwa vimeelekea chini, mbali na shali. Celina akamlaza mtoto pale, taratibu.

Mtoto akapiga chafya. Baba yake akasimama vivyo hivyo katikati ya barabara, akiogopa hata kupumua, na dereva wa tuktuk akazima injini yake, akangoja.