Edna Jepkosgei Rono, Aliyewapenda Magolikipa Wasiokaa

Leo, Jumamosi tarehe 22 Februari 2025, tunamsindikiza Edna Jepkosgei Rono, mke wa Elkanah na mama yake Cherono. Wasifu huu umeandikwa na familia, na unasomwa na mdogo wake, Chelagat, wa Oxon Hill.

Edna alizaliwa tarehe 14 Machi 1976 huko Chepterit, Nandi, akiwa kifungua mimba katika nyumba ya marehemu Mzee Kosgei. Alikuwa mtoto wa maneno machache. Mama yake alizoea kusema kwamba ukitaka kujua Edna anawaza nini, mpe kazi ya kuchambua mboga, kisha ukae karibu naye na usiulize chochote.

Alisoma Shule ya Msingi ya Chepterit, kisha akajiunga na sekondari ya bweni ya wasichana karibu na Kapsabet, alikomaliza kidato cha nne mwaka 1994. Watu wa mbali wakisikia neno Nandi hudhani kila mtoto wa huko huzaliwa akikimbia. Edna hakuweza kukimbia hata kidogo. Mwalimu wa michezo alimtazama akizunguka uwanja mara moja tu, akamwita pembeni. "Wewe dada," alimwambia, "nenda ukasimame golini." Hivyo ndivyo alivyokuwa golikipa wa timu ya hoki ya shule, akiwa na ngao za miguu zilizoshonwa kwa gunia na kofia iliyombana masikio. Alikaa pale miaka mitatu. Alisema golini ndipo alipojifunza kuwa peke yake mbele ya watu wengi bila kulia.

Baada ya shule alisomea uuguzi, akahitimu mwaka 1998, na akaajiriwa katika zahanati moja Nandi Hills. Tarehe 18 Desemba 1999 alifunga ndoa na Mwalimu Elkanah Rono. Mungu aliwajalia binti mmoja, Cherono, aliyezaliwa tarehe 2 Juni 2001.

Tarehe 19 Agosti 2006 Edna alisafiri kuja Marekani kuendelea na masomo ya uuguzi. Cherono alikuwa na umri wa miaka mitano. Mpango ulikuwa mumewe na mtoto wamfuate baada ya miaka miwili. Miaka miwili ilipita, makaratasi yakakwama. Ikapita mingine, tarehe ya mahojiano ubalozini ikasogezwa, kisha ikasogezwa tena. Edna alipanga chumba Takoma Park, Maryland, katika nyumba moja na Bi Maryam wa Mombasa, ambaye yuko nasi hapa leo. Asubuhi alisoma, na mchana alipanda treni na basi hadi Herndon kumtunza mzee mmoja aliyekuwa fundi wa ndege mstaafu. Jina lake lilikuwa Wayne, naye Edna alimwita Mzee Wayne, na mzee akalipenda jina hilo hata akawaamuru wanawe nao wamwite hivyo.

Mzee Wayne hakuweza kutembea tena, lakini kila timu yake ilipocheza nyumbani ilikuwa lazima apelekwe. Ilikuwa timu ya hoki ya barafuni ya daraja la chini, ikiitwa Potomac Herons, na uwanja wake ulikuwa mdogo na wenye baridi, upande wa Virginia. Siku ya kwanza Edna alimsukuma kwenye kiti chake cha magurudumu akiwa amevaa nguo zake za kazi tu, akatetemeka mpaka mzee akampa nusu ya blanketi lake. Mchezo wenyewe hakuuelewa. Watu waliteleza huku na huku wakikimbizana na kisahani cheusi ambacho macho yake hayakuweza kukifuata. Kisha akatazama golini. Pale alisimama kijana mmoja amejazwa ngao mwili mzima, ameinama kidogo, anangoja. Edna alisahau baridi.

"Huyo ndiye ninayemjua," alimwambia Mzee Wayne.

"Usimpende sana," mzee alimjibu. "Magolikipa hawakai hapa. Akiwa mzuri, timu kubwa inamchukua. Akiwa mbaya, anafukuzwa. Kwa vyovyote vile, ukimzoea tu, ameondoka."

Ilikuwa kweli. Msimu ule ule waliona magolikipa watatu. Edna aliwapenda wote. Mzee Wayne alipofariki mwaka 2011, wengi walidhani atapumzika na habari za barafu. Badala yake aliendelea kwenda peke yake, treni na mabasi mawili kwenda, mabasi mawili na treni kurudi. Bi Maryam alikuwa akimtazama anavyojifunga skafu, akitikisa kichwa.

"Mwenzangu, baridi ya bure iliyojaa huku nje haijakutosha, mpaka uende ukalipie nyingine?"

"Ile ya huko ina mtu nimwangaliaye," Edna alimjibu.

Kila Jumapili baada ya ibada alipiga simu nyumbani. Kwa kuwa hakuwa na mengi ya kumweleza mtoto kuhusu vidonge na vitanda vya wagonjwa, alimsimulia Cherono habari za magolikipa: yule anayegonga milingoti ya goli kabla ya mchezo kama anayebisha hodi, yule anayeongea peke yake, yule mfupi aliyefungwa mabao sita na bado akawapungia watoto mkono. Cherono alikuwa akiinyakua simu kwa baba yake. "Mum, leo alikuwa nani? Yule wa kubisha hodi bado yuko?" Na Edna akamwambia, hapana, ameenda, sasa kuna mwingine. Siku moja mtoto aliuliza, "Ameenda kwao?" Edna akasema hajui.

Katika majira ya baridi, mwanzoni mwa mwaka 2013, alikuja golikipa aliyeitwa Anatoli, kijana mrefu kutoka nchi ya mbali, asiyejua Kiingereza kingi. Baada ya mchezo wachezaji walipita kwenye lango dogo kuwasalimu mashabiki. Wiki hiyo Edna alikuwa amepata habari kwamba mahojiano ya Elkanah na Cherono yameahirishwa tena. Alisimama wa mwisho, nyuma ya watoto wote, mwanamke mzima mwenye koti juu ya nguo za uuguzi. Anatoli alidhani anataka sahihi, akanyoosha mkono apewe kalamu.

"Sina kalamu," Edna alisema. "Nilitaka kukuuliza kwenu ni wapi."

Kijana akatoa simu yake. Hakumwonyesha ramani; alimwonyesha mtoto mchanga wa kike akijaribu kukaa bila kushikwa. "Kwetu ni hapa," alisema. "Nimemwona mara moja."

"Wangu ana miaka kumi na mmoja," Edna akamwambia. "Nilimwacha na mitano."

Anatoli akairudisha simu mfukoni. "Unafanya nini, basi? Siku zikiwa ndefu?"

"Nakuja hapa kukuangalia wewe."

Walicheka wote wawili, na Edna akasema baadaye kwamba ilikuwa mara ya kwanza wiki ile kucheka. Jumamosi iliyofuata alifika na chapati kwenye mkoba, amezifunga vizuri zisipoe. Golini alisimama mwingine, aliyeitwa Fredy. Anatoli alikuwa ameitwa na timu ya juu katikati ya wiki. Edna alifurahi kwa ajili yake, kwa sababu ndicho kila golikipa anachokitaka. Lakini mchezo ulipoisha alijikuta amesimama tena pale langoni, mpaka taa za upande ule zikaanza kuzimwa. Chapati alimpa Fredy.

Mwaka 2014 Edna alipata leseni ya muuguzi kamili na kuajiriwa katika nyumba ya wazee Maryland. Na hatimaye, tarehe 8 Agosti 2015, Elkanah na Cherono walitua uwanja wa ndege wa Dulles. Edna alikuwa amebeba koti jipya la binti yake, jekundu, lenye kofia. Miaka yote alikuwa amemkuza mtoto akilini mwake kwa kukisia tu. Msichana aliyetoka mlangoni alimfikia mama yake begani, na lile koti halikuingia hata mkono mmoja. Elkanah alilia waziwazi, kofia mkononi. Cherono alimpa mama yake mkono, kama anayemsalimu mwalimu mgeni.

Miezi ya kwanza ilikuwa migumu, na marehemu mwenyewe aliagiza isifichwe. Novemba aliwapeleka wote wawili kuwaona Herons. Elkanah hakukiona kile kisahani hata mara moja. Alisubiri wengine wainuke ndipo naye ainuke kushangilia, na mara mbili alishangilia bao la wapinzani. Edna akawaelekeza: golikipa huyu hali samaki, yule wa akiba baba yake anaumwa mgongo, wa mwaka jana alipenda kuimba. Cherono alisikiliza yote. Kisha akasema, bila kupandisha sauti:

"Mum, hawa unawajua wote. Mimi napenda nini?"

Edna alijua Cherono wa miaka mitano alipenda nini: maziwa ya mgando na kulala na taa ikiwaka. Huyu aliyeketi kando yake hakumjua.

Baada ya siku ile hakurudi uwanjani. Hakumlaumu mtoto wala hakujitetea. Alipotoka kazini alikaa jikoni, akaweka mboga mezani, akaanza kuchambua, na Cherono akija aliachiwa nafasi ya kukaa. Hakuulizwa chochote. Ilichukua majira yote ya baridi. Kidogo kidogo maneno yakaja: kwamba Cherono hapendi parachichi, anaogopa lifti, anaimba sauti ya pili, na kwamba kwa nyanya yake alikuwa akienda nyuma ya zizi kila Jumapili baada ya simu kukatika, mpaka macho yakauke. Hilo la mwisho Edna alilisikia akiwa ameshika kisu. Akakiweka chini, akamshika mwanawe, na wakakaa hivyo sufuria ikiungua jikoni.

Mwaka 2018, wakati Cherono anakaribia kumaliza shule ya sekondari, alimkuta mama yake sebuleni Jumamosi moja na kumrushia skafu.

"Mum, vaa. Kuna golikipa mpya."

"Wa wapi?"

"Sijui. Si twende tumuulize."

Tangu siku hiyo walikwenda pamoja. Waliwaona magolikipa wasio na idadi wakija na kuondoka, na Edna hakuwahi kujifunza kuacha kuwapenda mapema. Majirani wa safu yao ya viti, ambao baadhi yao wamekuja leo wakiwa wamevaa jezi zao, walimwita Mama Edna. Kazini alikuwa muuguzi wa zamu aliyewajua wagonjwa kwa majina ya wajukuu wao. Kanisani Takoma Park aliongoza kikundi cha akina mama, na aliwapokea wageni wengi waliofika mji huu na sanduku moja, akiwapa kwanza chakula, kisha koti, akiwa amejifunza kuwapima kwanza.

Msimu wa 2023 ulipoisha, timu ya Herons ilihamishiwa jimbo lingine, mbali mno kwa basi au treni. Edna alikwenda uwanjani mara ya mwisho na kushika kile kioo kinachozunguka barafu. Oktoba mwaka huo huo aliambiwa ana saratani ya kongosho. Aliipokea habari ile kama muuguzi, akiuliza maswali ya kiuuguzi. Alipofika kwenye gari ndipo alipomwomba Elkanah asiwashe injini kwanza.

Alipata matibabu kwa zaidi ya mwaka, na alikuwa na siku nyingi njema. Timu yake aliifuata kwa simu. Wachezaji wote walikuwa wageni kwake sasa, wanaume ambao hakuwahi kuwaona ana kwa ana, lakini swali lake halikubadilika: "Golini yuko nani?" Anatoli, ambaye ameacha kucheza na sasa anafundisha watoto, alitafutwa na Cherono mtandaoni, akatuma salamu na picha ya binti yake, msichana mrefu amesimama golini. Edna aliitazama picha hiyo kwa muda mrefu. "Amerudi kwao," alisema.

Mchana wa Jumamosi tarehe 8 Februari, Cherono aliweka simu kando ya mto wa mama yake ili asikilize mchezo. Golikipa alikuwa mpya kiasi kwamba mtangazaji alikwama kwenye jina lake mara tatu. Edna alicheka kidogo. "Maskini, hawajamjua bado," alisema, akalala. Alituacha asubuhi ya Jumapili tarehe 9 Februari 2025, nyumbani kwake, akiwa na mumewe na binti yake kila upande.

Wazee wetu kule Nandi walitaka arudishwe Chepterit, azikwe karibu na baba yake, na walitaka hivyo kwa upendo. Edna alikuwa amezungumza nao mwenyewe mwezi Desemba, simu ikiwa wazi mbele ya familia yote. Alikiri kwamba hakuna siku aliyoamka bila kuitamani ile nchi: ukungu wake wa asubuhi, harufu ya majani ya chai, sauti ya mama yake akiita ng'ombe. Kisha akasema, "Nilimwacha mtoto wangu mara moja nikaenda mbali. Mara ya pili sitaki. Nizikeni mahali ambapo Cherono atafika kwa miguu." Aliyejibu upande wa pili wa simu alikuwa mama yake: "Mwacheni akae na mtoto wake."

Ameacha mume, Mwalimu Elkanah Rono, binti, Cherono, mama mzazi, anayetusikiliza kwa simu kutoka Chepterit, mdogo wake Chelagat na kaka zake wawili walioko Kenya, Bi Maryam, aliyekuwa ndugu bila kuzaliwa naye, na wengi wa kanisa, wa kazini na wa safu ya nne ya uwanja ule.

Edna Jepkosgei, umefika. Kaa nasi hapa, na Mungu akupe pumziko na amani.