Panya wa Ticha na Zamu ya Pasikali

Kijiwe chetu kipo mjini Kasulu, kando ya barabara ya kwenda Kibondo: benchi moja la mbao na jiko la kahawa la Dadi. Ni kituo cha bodaboda pia, na mimi naziba pancha pembeni. Foleni yetu ina desturi yake. Anayeondoka na abiria humchapa anayefuata kofi la mgongoni, maana yake zamu yako imefika. Kofi hilo ndilo lililotuletea kesi. Wakati wa masika, Pasikali alianguka na pikipiki njia ya Kagerankanda, akapasuka kichwa, akashonwa, akarudi kazini. Wiki iliyopita alichapwa kofi la zamu, akageuka akamng'ata mkono aliyemchapa, mwenyekiti wetu, Bazilio, ambaye tunamwita Sheria. Tangu siku hiyo Pasikali amezuiwa kukaa benchi, lakini kila siku anakuja kukaa ng'ambo ya barabara, kwenye baraza la duka, anatutazama. Leo alasiri Sheria alitaka tumfute kabisa kituoni.

— Anayemng'ata mwenyekiti kang'ata kituo kizima, alisema Sheria, bandeji ikiwa nje ili tuione vizuri. Wahenga walisema penye wengi hapaharibiki neno. Tumalize.

— Yule si mkorofi, alisema Elisante, mwalimu wa baiolojia aliyeletwa kwetu kutoka Moshi, ambaye hapa anaitwa Ticha. Kuna sehemu ndogo katikati ya ubongo, inaitwa septamu. Watafiti waliiharibu kwa panya. Panya mpole akawa mkali ghafla. Ukimgusa anaruka, anang'ata.

— Panya gani, hawa wa ghalani? aliuliza Nurudini, mwenye duka, jina la kijiwe Antena, kwa sababu kila habari inadakwa na yeye kwanza.

— Wa maabara. Na kumbukumbu inavurugika. Ukimwekea chakula kwenye vichochoro, anakimaliza cha kichochoro kimoja, muda mfupi tu anarudi kilekile, hajui kwamba alishakimaliza.

Sote tulijua Pasikali alivyompeleka abiria Rungwe Mpya, halafu akaanza kuulizia watu njia ya kurudi mjini, njia aliyoipita miaka yote.

— Ticha, mimi naona ni minara ya simu, alisema Antena. Tangu wasimike ule wa kule juu, hata panya wa dukani kwangu wamevurugwa. Juzi mmoja kaingia mtego uleule uliomkata mkia.

— Labda ulikuwa na dagaa, nilisema.

— Bisha tu, fundi. Na dawa ya maharage je? Panya anakula maharage yenye dawa, ninyi Waha mnakula alichobakiza panya, septamu inayeyuka taratibu.

— Basi Kibondo nzima, Waha watupu, wangekuwa wanang'atana.

— Nani kakwambia hawang'atani?

Watu wakacheka. Sheria hakucheka.

— Mimi nasema huyo panya alijifanya, alisema. Aliona akiwa mkali hawatamsumbua tena. Na Pasikali anajifanya hivyohivyo, ahurumiwe. Panya wengi hawachimbi shimo, Ticha.

— Methali hiyo inaingiaje hapo?

— Inaingia tu.

Ticha akaweka kikombe chini.

— Nisikilizeni basi. Panya hao wakiwekwa na wenzao, wanapenda kujibana nao kuliko hata panya wazima. Na wakishikwashikwa kwa upole kila siku, ule ukali unapungua. Sisemi Pasikali ni panya, wala sijui ni kitu gani kimeumia kichwani mwake. Nasema apimwe kwanza, ndipo mhukumu.

— Apimwe wapi? Kipimo cha ubongo kinauzwa duka gani hapa Kasulu? Wanaokubali afutwe, mikono juu.

Madereva wakanyoosha. Mkono wa Antena ulikuwa juu kuliko yote, naye hana hata baiskeli. Wangu ulibaki chini, na nilikasirika sana, lakini hasira ya fundi pancha haina kura. Hakuna aliyegeuka kutazama ng'ambo ya barabara.

Mikono ilikuwa bado juu alipofika Generosa, mke wa Pasikali, ametoka sokoni na kapu la ndizi. Alilitua, akainama, akapiga makofi mawili matatu ya heshima kama tunavyoamkiana huku.

— Mwidiwe.

Tukaitikia, mikono ikashuka mmoja mmoja.

— Nimeona mmeshaamua, sikuja kubishana. Mwenyekiti, pole ya mkono.

— Asante, shemeji.

— Kule nyumbani hatumgusi kwa nyuma. Hata watoto wanajua. Wanasimama mbele yake wanamwita, anaitika, anawachekea. Njia anasahau, kweli. Watoto wake hajawahi kuwauma.

Akajitwika kapu lake, kisha akasimama tena.

— Nina swali moja tu, shemeji zangu. Siku ile zamu yake ilipofika, mlishindwa nini kumwita kwa jina lake?

Generosa alisubiri jibu muda mrefu kuliko adabu inavyotaka, halafu akavuka barabara kwenda kwa mumewe. Antena akanyoosha kikombe aongezewe. Dadi akamwambia kahawa imekwisha, na birika lilikuwa zito mkononi mwake, bado linatoa mvuke.