Usubi Ndani ya Kaharabu

Benchi la kijiweni liko mlangoni pa duka la sonara, na asubuhi hiyo kahawa yake ilimpolea mkononi. Jana alikuwa anang'arisha kipande cha kaharabu, ule utomvu wa mti uliogeuka jiwe. Kwa mazoea ya kazi, akakilamba kilowe ili aone ndani. Kumbe mlikuwa na usubi, tumbo limevimba damu, na msasa umeshalipasua! Akacheka tu, akaenda nyumbani, akambusu mwanawe. Leo mtoto kaamka na homa, na mwenye jiwe kapita kusema mdudu huyo alifyonza damu enzi za mijusi wakubwa kama nyumba. Sonara aliogopa, jamani. Akawasimulia wenzake wa benchini yote.

— Damu ya kwenye utomvu haiozi, — alisema Wakili, ambaye mahakamani hajawahi kufika ila hubishana hata na redio. — Nyama ukiitia kwenye asali inaoza?

— Wewe umeitia lini? — aliuliza Spana, fundi wa pikipiki.

— Sikiliza! Ugonjwa wa mijusi umefungiwa humo mamilioni ya miaka. Una njaa huo!

— Lakini mwenye jiwe kasema ni ukoo mmoja na hawa usubi wa mtaroni, — sonara alijitetea. — Matawi mbalimbali, shina moja. Na hawa wanatung'ata kila siku, si tupo?

— Ndiyo mbaya zaidi! — Spana alidakia. — Damu nzito kuliko maji. Watanusa harufu ya babu yao mdomoni mwako, waje kumdai.

— Wakikung'ata wewe kisha sisi, mtaa mzima unaota magamba, — Wakili alimalizia. — Haba na haba hujaza kibaba.

Spana akaangua kicheko. Sonara naye akajilazimisha kucheka. Akicheka Spana, basi ni utani tu, alijiambia.

Mara mkewe akatokea kwenye kona, kifuani amempakata mtoto mwenye midomo iliyokauka.

— Baba, funga duka twende zahanati, homa inapanda. — Akageukia benchi. — Shemeji zangu, nani anipokee mtoto nifunge mbeleko?

Wakili akainamia kikombe chake. Spana, ambaye kila siku humnyang'anya mama mtoto huyo amrushe juu, akaficha mikono kwapani.

Mama akabaki amemshikilia mtoto mbele yao, mikono kainyoosha. Hapo ndipo sonara alipojua kwamba hawakuwa wakitania.