Sikulishwa Limbwata

Mheshimiwa Mwenyekiti wa mtaa, Baba Padri, Mzee Obwona mwenye karakana, mafundi wenzangu wa Katwe, na akina mama wa jumuiya yetu hapa Nsambya: nawasalimu nyote. Mmenistaafisha kwa heshima, mkanipa saa ya ukutani kwa miaka ishirini na miwili ya usimamizi. Nashukuru. Lakini nikizidi kushukuru nitakosa ujasiri, kwa hiyo niingie kwenye jambo lililoninyima usingizi wiki tatu sasa.

Dada Moreen, jirani yangu, alikuja kuazima chujio la chai akanikuta sebuleni nimepiga magoti, namvua mke wangu viatu, namwuliza kama naweza kukaa. Hapa Kampala mwanamke akipiga magoti, nani hushtuka? Nilipopiga mimi, kufikia jioni Nsambya nzima ilijua kwamba Perpétue kanilisha limbwata, ile dawa ya kumpumbaza mume. Nanyi akina mama mkamwondoa kwenye uongozi wa kwaya.

Ndugu zangu, kuamrishwa nakujua. Mwaka themanini na tano, kwenye kizuizi cha wanajeshi barabarani, niliambiwa "Lala chini!" kwa Kiswahili hiki hiki, wala sikuulizwa kama nataka. Mafundi, nanyi nimewafokea: "Oyugi, vaa miwani! Guerschom, zima mtambo!" Mlitii kwa sababu ni kazi, na kwa sababu nina sauti mbaya. Je, hayo mawili ni sawa? Na ya nyumbani kwangu je?

Mimi ndiye niliyemwomba Perpétue. Mchana kutwa nilikuwa naamua mambo ya watu arobaini; nikifika mlangoni nilitaka kuwe na mtu wa kuniamulia mimi. Nikamwambia aniamrishe kama ninavyoamrisha karakanani. Akacheka. "Baba Darlène, watoa amri wa kuogopwa tuliwakimbia kule kwetu Butembo, Kongo. Wa kufundisha kwa fimbo, huyo naye siwezi. Mimi nitakuwa wa kukutunza. Lakini nikisema lala, utalala."

Tangu hapo yeye ndiye huamua nile nini, nipumzike lini. Na tuna neno letu moja. Nikilitamka, amri zote zinakoma. Kwa miaka tisa nimelitamka mara mbili. Mara ya pili mama yangu alikuwa amefariki kwetu Siaya, Kenya, nami nina homa, Perpétue amenikataza safari. Nikalitamka. Hakubishana. Alinifungia begi, akanisindikiza mpaka kwenye basi. Sasa niambieni, ni limbwata gani hilo lenye mlango wa kutokea?

Tangu mlipomsema, ameziweka chini amri zote. "Mpaka useme mbele yao kwamba ulitaka mwenyewe," aliniambia. Nami nazunguka sebuleni, sijui pa kujiweka. Msimamizi mzima! Niliona aibu, nikanyamaza, akatukanwa peke yake. Mama Darlène, nisamehe. Kosa ni langu.

Basi nimesema. Niliomba nikiwa na akili zangu timamu, na leo naomba tena. Anaweza kukataa, ni haki yake.

Mzee Obwona, asante kwa saa. Mafundi, asanteni kwa kunivumilia. Akina mama, asanteni kwa kunisikiliza bila kucheka sana. Mshereheshaji amenionyesha kiti changu mara mbili sasa. Sijakaa. Mama Darlène, nimesimama hapa mbele ya watu wote. Naweza kukaa?